Machungwa ya Hewani

Mimi ni mtu wa kusaidia. Siku zote nimejisifu hivyo, na ni vizuri uanze kunijua hapo, kabla hujasikia nilichomfanyia mume wangu.

Shanice, kitinda mimba wangu, alipokuwa gredi ya nne aliambiwa na mwalimu atengeneze treni kwa maboksi. Nilimtengenezea mimi. Nilikaa jikoni na gundi, mkasi na maboksi ya dawa ya meno, na treni ilipomalizika ilikuwa na madirisha, dereva, na mstari mwekundu ubavuni kama ile inayopita hapa Voi kwenda Mombasa. Mwalimu akaandika kwamba mtoto amezidi matarajio. Nilifurahi utadhani niliyefaulu ni mimi, na kwa kweli niliyefaulu ni mimi. Gredi ya tano nikamshonea sanamu ya kufukuza ndege shambani, ya makonge, na kofia juu. Wala usinitazame hivyo. Wazazi wengi hapa mtaani Mwakingali tunafanya hivyo hivyo. Pita jioni nyumba kwa nyumba, utakuta watoto wanatazama televisheni na mama zao wanapaka rangi kadi za shule.

Jina langu ni Mable, ila watu wananiita Mama Derrick. Nauza kabichi na viazi sokoni, mali inayoshuka kutoka kwetu Mwanda, milimani. Mume wangu ni Muinde, Mkamba, niliyemkubali shangazi zangu wakiwa wamenuna kanisani safu nzima. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ukiona geti hapa Voi lina maua ya chuma yaliyojikunja kama majani ya boga, hilo ni lake. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzito wa kazi na mwepesi wa mapenzi. Ndio uliokuwa unashika fimbo ya kuchomelea bila kutetemeka, na ndio ulionishika kiuno siku ya harusi mbele ya shangazi hao hao bila haya.

Januari ya mwaka jana, saa nne asubuhi, alianguka akiwa karakanani kwake. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanatoka mdomoni moja moja, kwa kuvutwa. Alikaa hospitali wiki tatu. Aliporudi nyumbani aliweza kusimama akishikwa na kutembea hatua chache kwa mkongojo, lakini mkono ulining'inia tu, haumsikii.

Ndipo akaja Lois. Lois ni daktari wa mazoezi ya viungo, msichana wa Taveta, mwembamba, anaongea polepole na haachi swali lako bila jibu. Alikuwa kwenye mradi mmoja wa kuwafanyisha wagonjwa mazoezi nyumbani kwao. Alikuja na boksi, ndani yake miwani kubwa nyeusi, nzito, ya kufungwa kichwani kwa mkanda.

"Hii haimtoi nyumbani kwake," alituambia. "Ataona sebule yake vile iko, kochi lake, ukuta wake. Ila kutakuwa na vitu vimeongezwa, vya kumfanya anyooshe mkono."

Ilibidi tupishe nafasi. Meza ndogo ikaenda chumbani, kochi la wawili likasukumwa hadi dirishani na vitambaa vyake vya kufuma vikakunjwa. Lois akanivalisha mimi kwanza, ili nijue kumfunga mgonjwa. Nilipiga ukemi. Sebule ilikuwa ile ile, Muinde ameketi pale pale, kalenda ya kanisa ukutani, lakini hewani mbele yangu yalikuwa yamening'inia machungwa, ya rangi nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuuza, na chini kando ya televisheni kikapu. Nikanyoosha mkono, nikafunga vidole hewani, chungwa likanifuata. Nikalipeleka kikapuni likadondoka. Nikavua miwani. Hakuna kikapu, hakuna chungwa, ila Muinde ananicheka kwa ule upande mmoja wa mdomo uliobaki.

"Ona... mchawi," alisema. Tulicheka wote watatu.

Lois alipiga magoti mbele yake akamweleza taratibu. Ubongo umejeruhiwa, alisema, lakini bado unatafuta njia nyingine ya kuufikia mkono. Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye maana kuliko yote. Mkono ukiitwa mara nyingi, kila siku, hata kama hauji, siku moja unaweza kuitika. Afanye mazoezi nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, ameketi kwenye kiti, kwa wiki kumi na mbili. Na kila asubuhi mimi nimnyooshe vidole kimoja kimoja kwa mkono wangu, visije vikajikunja na kukauka.

"Mimi nitaona kila kitu kwenye tableti yangu," akasema. "Amefanya muda gani, mkono umefika wapi, machungwa amepata mangapi."

Aliposema amepata mangapi, masikio yangu yalifunga kazi. Mimi nilisikia mtihani. Lois aliendelea kusema mengi, kwamba alama ndogo si kosa, kwamba zipo ili ajue pa kusaidia. Najua alisema kwa sababu imeandikwa kwenye karatasi niliyotia sahihi. Lakini wewe fikiria, mtu amesomea Kenya, amezaa na kusomesha Kenya, unamwambia alama si kitu! Kisha akataja kwamba miwani za mradi ni chache, na kuna mama mmoja Kishushe naye anasubiri yake. Nikasema moyoni, tukianguka huu mtihani, miwani inaenda Kishushe, na mkono wa Muinde umeenda nayo.

Wiki mbili za kwanza tulijitahidi. Lois alikuwa anakuja Jumanne na Ijumaa, na siku nyingine tulifanya wenyewe. Baada ya hapo aliitwa mafunzoni Mombasa hadi wiki ya tano, akawa anatufuata kwa tableti na simu. Muinde aliketi kwenye kiti cha mbao, nikamfunga miwani, na ile sauti ya kike ya mashine ikasema, "Karibu, Muinde," kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha taarifa ya habari. Machungwa yalikuwa thelathini. Alikuwa anapata mawili. Siku njema, manne. Jasho lilimtoka kuliko alipokuwa akibeba milango ya chuma, na bega lilipanda kusaidia, na shingo ikakaza, na mkono ukasogea upana wa kidole kisha ukarudi kulala mapajani.

Jumatano ya wiki ya tatu hakupata hata moja. Nilikuwa nimesimama kando yake, namshangilia kama mjinga. "Karibu, karibu, kaza kidogo!" Sauti ya mashine ikasema, "Umefanya vizuri. Jaribu tena." Hapo akaivuta miwani kichwani kwa mkono wa kushoto, akaitupa kwenye kochi, akalia. Hakulia kwa kujificha. Alilia kwa sauti, mdomo wazi upande mmoja, makamasi yakimtoka, asiweze kujipangusa. Shanice alitoka chumbani akasimama mlangoni, akamwona baba yake, akatoka nje bila viatu.

Miaka ishirini na mbili ya ndoa nilikuwa nimemwona analia mara moja tu, siku tuliyomzika mama yake kule Kibwezi. Nilimpangusa uso kwa kanga yangu. Nilimwambia yaishe, yaishe, leo pumzika. Na ndani yangu kitu kikakatika. Nilisema sitaki kuuona tena uso ule.

Kesho yake alikataa kuvaa. Aligeuza uso ukutani. Mchana nikiwa sokoni, wateja wamesimama, Lois akapiga simu.

"Mama Derrick, naona leo hakuna kitu. Kuna shida?"

Ningesema ndiyo. Neno moja tu. Lakini kuna watu wawili wananisikiliza na kabichi mkononi, na mimi nimeshaona aibu, utadhani nimeitwa shuleni kwa sababu ya mtoto.

"Hakuna shida, daktari. Ni stima tu ilipotea. Jioni atafanya."

Jioni Muinde hakutaka hata kuitazama ile miwani. Nikaichukua. Nikajifunga. "Karibu, Muinde," ikasema, kwa maana yenyewe inajua jina tu, haijui mwenye jina. Nikasimama katikati ya sebule yangu na kuanza kuchuma.

Usidhani nilichuma yote thelathini. Mimi si mjinga, najua kuiba kwa adabu. Siku hiyo nilichukua matano nikaacha mengine yaning'inie. Kesho yake matano tena. Wiki iliyofuata saba, kisha kumi. Nilipandisha alama polepole, vile mtoto anayesaidiwa hesabu na mama yake hawezi kutoka ziro hadi mia kwa siku moja. Mkono wangu wa kulia nilikuwa nautetemesha kidogo.

Wiki ya tano Lois alipiga simu akicheka. "Mama Derrick, Baba Derrick anafanya maajabu! Kwa vile anaendelea hivi, sitakuja kila wiki. Nitakuwa napiga simu. Kuna mama wa Kishushe ana hali ngumu, na barabara ya huko unaijua, siku nzima inaisha."

Nami nilifurahi! Nililichukua kama zawadi, kama mtoto hodari anavyoruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Nilimshukuru. Mara moja alipita ghafla akitoka mjini, nikamwambia amelala, dawa ya presha imemlaza. Lois hakutaka kumwamsha. Aliacha salamu.

Na niseme ukweli wote, maana nusu ya ukweli nimeshaichoka: nilikuwa nayapenda yale mazoezi. Kutwa nzima niko juani sokoni nagombana na watu juu ya viazi, narudi nyumbani kwa mume asiyeongea, na pale sebuleni kuna machungwa yanayonisubiri mimi. Nilichuma nikiimba nyimbo za kwaya. Nilizungusha kiuno. Machungwa yalipoanza kupanda juu nilikuwa naruka kuyafuata. Muinde aliketi kwenye kochi la dirishani ananitazama, na ule upande mzima wa mdomo ulikuwa na tabasamu. Nilimwambia, "Umeona tunavyofaulu?" Tunavyofaulu, ndivyo nilivyosema. Yeye alitikisa kichwa kukubali.

Kanisani nilisimama nikashuhudia. Nilisema mkono wa mume wangu unarudi, na kina mama wakapiga vigelegele, na jirani yangu Margaret akaja nyumbani na kuku. Sikuwa nasema uongo, kwa vile nilivyoona mimi. Nyota za dhahabu za ushindi zilitokea ndani ya miwani kila jioni na jina la Muinde juu yake, na mtu akiona jina na nyota kila siku anaanza kuamini. Lile jambo la kunyoosha vidole asubuhi nililiacha. Sikuamua kuliacha, lilinitoka tu. Ya nini kunyoosha vidole vya mtu aliyepata machungwa ishirini na sita?

Mwisho wa Mei, wiki ya kumi na moja, Lois akapiga simu. Kesho yake angekuja na daktari mkubwa wa mradi kutoka Mombasa, na mtu wa kamera. Walitaka kumwonyesha Muinde kwa watu wengine wanaopanga kununua miwani kama hizo.

"Ndiye mgonjwa wetu bora, Mama Derrick. Hata anafanya amesimama!"

Nilifikiria kusema tumesafiri. Nilifikiria kusema amefiwa. Mwishowe nikamwambia Muinde wageni wanataka kuja, lakini kama hajisikii nitawakataza.

"Waje," alisema.

Walikuja saa tano. Nilikuwa nimepika chai ya maziwa na mahamri, nimemvalisha Muinde shati jeupe la mikono mirefu, nimefunga na vifungo. Daktari wa Mombasa alikuwa mzee mpole, alimsalimia Muinde kwa mkono wa kushoto. Mtu wa kamera akapanga vitu vyake. Margaret na mtoto wake walikuwa dirishani wanachungulia, kwa sababu nani asiyependa jirani yake akipigwa picha?

"Baba Derrick," Lois alisema, macho yanang'aa, "kabla ya miwani, tuonyeshe tu mkono. Inua vile unaweza."

Muinde alinitazama. Kisha akautazama mkono wake pale mapajani. Akajaribu. Bega likapanda, shingo ikakaza, uso ukaiva, na mkono ukainuka kama upana wa kidole, ukarudi. Akajaribu tena. Lois bado alikuwa anatabasamu, nadhani alidhani ni kamera inamtisha. Alipiga magoti, akamshika kiwiko kumsaidia, na hapo nikaona tabasamu linamtoka. Kiwiko kilikuwa kimekaza. Akakunja mkono wa shati, akajaribu kufungua vidole. Havikufunguka. Alivivuta taratibu kimoja kimoja, Muinde akauma meno, na ndani ya kiganja kulikuwa na alama nne nyekundu pale kucha zilipokuwa zinajichimbia. Mimi ninayemwogesha sikuwa nimeziona.

"Zima kamera," Lois alisema.

Alifungua tableti akaitazama, akamtazama Muinde, akanitazama mimi. Hakuuliza kitu. Nilitamani aniulize, ili nipate pa kudanganya.

"Ni mimi," nilisema. "Ni mimi daktari. Nilikuwa namfanyia."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu."

Dirishani Margaret aliondoka bila kuaga. Daktari wa Mombasa aliweka kikombe chini. Nilingoja Lois anipigie kelele, na ningeshukuru, kwa sababu kelele mimi naziweza. Lakini aliongea kwa ile sauti yake ya polepole.

"Mama Derrick, alama zikiwa ndogo mimi nakuja. Ndivyo ninavyojua niende wapi. Kila asubuhi nilikuwa nafungua hii, naona zenu, nasema hawa wako sawa, hawanihitaji. Nikaenda kwa wengine. Kama ningeona ziro, ningekuja kila siku."

Walifungasha miwani ndani ya boksi lake na mkanda wake na waya wake, wakaondoka. Mahamri niliwamwagia kuku.

Tangu siku ile Lois alikuja mara mbili kwa wiki bila miwani, kwa mikono yake mitupu. Aliweka kiganja cha Muinde kwenye maji ya moto, akavinyoosha vidole nusu nusu, akamsukumisha kitambaa juu ya meza, kwenda na kurudi. Muinde aliguna, akatoa machozi, akaendelea. Mimi nilishika beseni. Siku ambazo Lois hakuja nilifanya kila alichonionyesha, sokoni nikachelewa, wateja wakahamia kwingine, nikawaacha waende. Niliomba msamaha kwa Lois. Niliomba kanisani, nikasimama pale pale niliposhuhudia, na safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Nilimpigia Derrick, mwanangu mkubwa, kazini kwake Nakuru, nikamweleza yote. Mtu mmoja tu sikumwomba. Kila nikikaa mbele yake na mkono wake mikononi mwangu, nilihesabu vidole tu, mimi mwenye mdomo unaojulikana soko zima.

Agosti, siku ya Ijumaa, Lois alimpima tena. Baadaye alituambia wote wawili, akimtazama Muinde usoni. Vidole vitazidi kulegea. Ataweza kubana kitu kwapani, kuegemeza sahani, labda kushika kamba ya mfuko. "Lakini kazi ya kuchomelea, Baba Derrick, sitaki kukudanganya. Siioni ikirudi." Muinde alimshukuru.

Nilimsindikiza Lois hadi barabarani. Boda ilikuwa inamsubiri.

"Na kama ningemwacha afanye mwenyewe?" niliuliza.

Alisimama. Aliuona, nadhani, uso wangu, na akatafuta la kuniambia, na hakupata la uongo.

"Sijui, mama. Labda ingekuwa hivi hivi. Labda ingekuwa tofauti. Hiyo sasa hatutawahi kuijua."

Nilirudi ndani. Muinde alikuwa mezani, ameweka kitambaa chini ya kiganja chake, anakisukuma kwa mkono wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Nilivuta kiti nikaketi. Nikaanza kulia kabla sijafungua mdomo, na nilijichukia kwa kuanza kulia mbele ya mtu ambaye ndiye mwenye haki ya kulia.

"Baba Derrick, nisamehe."

Aliendelea kusukuma kitambaa. Kilienda hadi ukingoni, kikarudi.

"Nilikuwa... nakuona," alisema. "Unachuma."

"Najua. Kwa nini hukunizuia? Kwa nini hukumwambia Lois?"

Alitafuta maneno. Siku hizi anayatafuta kama mtu anayepapasa funguo mfukoni, na nimejifunza kutomtafutia.

"Nilidhani... wamekwambia. Hospitali. Kwamba mkono... basi. Umekwisha. Na wewe unajua. Unanificha." Alivuta pumzi. "Nikaona unaimba. Nikasema... wacha afurahi. Angalau yeye."

Wiki zile zote. Kila jioni nikiruka mbele yake alikuwa ameketi pale dirishani anatazama mke wake akimwambia, bila maneno, kwamba hana tena haja ya kujaribu. Na kwa ajili yangu akatabasamu.

"Hakuna aliyeniambia kitu!" Nilipiga meza. "Hakuna! Mimi nilikuwa nataka mkono wako urudi kuliko kitu chochote duniani. Ni vile tu ulilia siku ile. Sikuweza, Baba Derrick. Sikuweza kukuona ukilia vile."

Alisimamisha kitambaa. Mdomo ulifanya kazi upande mmoja, na nikajua anayapanga maneno ili yatoke yote.

"Ungeniacha nilie, Mable," alisema. "Ningelia... huku nafanya."